Bafle, ampli ao waya: feza kidogo ianzie wapi?

Mufuko wa Nyumba



Swali la juma hili linatoka kwa wamama wengi, na maneno yake yanafanana: «Muziki wetu wa nyumba unazeeka, sauti haiko muzuri tena. Tuko na feza kidogo tu. Tubadilishe bafle, tubadilishe ampli, ao tutupe vyote na kununua vipya?»

Wengine watasema hayo ni maneno ya wanaume na vijana. Hapana. Kwa ile radio tunasikia habari za Radio Okapi asubuhi. Kwa yenyewe tunaimba nyimbo za kanisa siku ya Yenga, na siku ya ubatizo ao komuniyo ya mutoto majirani wote wanacheza. Tena tuulizane: feza ya kununua inatoka wapi? Mara mingi ni feza ya likelemba ya mama, ao faida ya meza yake ya soko. Zamu ya likelemba hairudi kila mwezi. Ukiitumia kwa kununua kitu chenye hakikuwa na ugonjwa, feza imeenda, sauti inabakia vilevile, na wakati wa minervali utaanza kukimbia kwa majirani.

Kwa hiyo jibu letu ni fupi, kisha tutalifasiria: usinunue kitu mbele ya kujua ni kipande gani chenye kinagonjwa. Na kwa kukijua hauhitaji feza. Unahitaji masikio yako, saa moja ya kutulia, na jirani mwenye anaweza kukuazima chombo chake.

VIPANDE VITANO

Muziki wa nyumba hauko kitu kimoja. Ni vipande vitano vyenye vinafuatana.

Cha kwanza ni mahali nyimbo inatoka: telefone, flashi, CD ao antene ya radio. Cha pili ni ampli, yenye inaipa sauti nguvu. Cha tatu ni waya zenye zinatoka kwa ampli kwenda kwa bafle. Cha ine ni bafle zenyewe, zenye zinasukuma hewa mupaka kwa sikio. Cha tano ni umeme wenye unalisha vyote, na pia chumba chenye muziki unalia ndani yake.

Kila kipande kinapokea kazi ya kile cha mbele yake, na hakiwezi kuitengeneza. Ikiwa unga uko na muchanga, hata ununue sufuria mupya na muiko mupya, bukari itakuwa na muchanga tu. Ndivyo iko hapa. Nyimbo yenye ilikopiwa vibaya kwa flashi itatoka vibaya hata kwa bafle za bei kubwa. Hizo bafle nzuri zitaonyesha ubaya wake waziwazi zaidi.

ANZA NA VITU VYENYE HAVIOMBI FEZA

Kwanza, angalia bafle ziko wapi. Kwa nyumba mingi zimewekwa chini kwenye simenti, nyuma ya kiti, ao juu ya kabati karibu na dari, kila moja inaangalia upande wake. Uziweke kwa meza ao juu ya matofali, urefu wa sikio la mutu mwenye ameikaa. Zote mbili ziangalie mahali munaikaa. Kati ya moja na ingine, uache nafasi karibu sawa na ile yenye iko kati yao na wewe.

Kisha uziondoe kwa kona. Bafle yenye iko kwenye kona kabisa inafanya sauti nzito ivimbe: unasikia «bumbumbum», lakini maneno ya mwimbaji hauyasikie. Sogeza bafle mukono moja mbali na ukuta, usikilize tena. Ikiwa muziki wako hauna sauti nzito hata kidogo, ufanye kinyume: usogeze karibu na ukuta. Sentimita 30 tu zinaweza kubadilisha mambo.

Chumba nacho kiko na kazi. Kuta za simenti zenye hazina kitu, sakafu ya simenti, dari ya mabati: sauti inagonga hapa na pale, inarudi, inachanganyikana. Pazia zito kwa dirisha, mukeka ao tapi chini, viti vya vitambaa: vyote hivyo vinakunywa ule mwangwi. Mama mwenye alishona pazia amefanya kazi kwa muziki wake bila kujua.

Tatu, waya. Zima ampli na uichomoe kwa umeme. Angalia nyuma: kila bafle iko na midomo miwili, mwekundu na mweusi, na ampli vilevile. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwa bafle zote mbili. Ikiwa moja imefungwa kinyume, bafle hizo mbili zinashindana: wakati moja inasukuma hewa, ingine inaivuta. Sauti nzito inapotea, na sauti ya mwimbaji haionekane inatoka wapi. Watu wengi wametupa bafle nzima juu ya kosa hilo moja.

Ikiwa rangi zimefutika, kuko njia ya kujua. Fungua waya za bafle kwa ampli, kisha ugusishe nchani kwake jiwe la radio la volti 1,5, kwa kufumba na kufumbua tu. Angalia karatasi ya bafle. Ikiwa inatoka inje, waya yenye imegusa upande wa kujumlisha wa jiwe ndiyo nyekundu. Ikiwa inaingia ndani, ni kinyume. Tia alama kwa rangi ya kucha.

Mwisho, safisha nchani kwa waya. Shaba yenye imekuwa nyeusi ao ya kijani haipitishe vizuri. Kata sentimita mbili, uondoe plastiki, usokote shaba mupya, ufunge kwa nguvu.

Tumefanya hayo yote, na mufuko haujafunguliwa. Kwa nyumba mingi, swali linaishia hapa.

KUTAFUTA MUGONJWA

Ikiwa sauti ingali mubaya, sasa tufanye kama muganga mwenye anapima mbele ya kuandika dawa.

Chagua nyimbo moja yenye unajua kwa moyo. Rumba yetu inafaa sana, ile yenye UNESCO iliandika mwaka wa 2021 kati ya urizi wa watu wa dunia yote. Ndani ya rumba muko kila kitu: gitare nyembamba zenye zinajibizana, besi yenye inatembea chini, ngoma, na waimbaji wengi kwa pamoja. Ukiweka nyimbo ya Mbilia Bel, sauti yake inapaswa kusikika kati ya bafle mbili kama vile amesimama palepale. Ikiwa hausikie maneno, ao gitare zinakata masikio, ao besi ni ngurumo tu, umeanza kupata mugonjwa.

Tuseme bafle ya kuume inakwaruza, ya kushoto iko muzima. Usikimbie kununua bafle. Zima ampli, kisha ubadilishane waya nyuma yake: ya kuume iende kushoto, ya kushoto iende kuume. Washa. Ikiwa ni bafle ileile inakwaruza, ubaya uko kwa bafle hiyo ao kwa waya yake. Lakini ikiwa sasa ni bafle ingine ndiyo inakwaruza, bafle zako ni nzima. Ubaya uko nyuma, kwa ampli ao kwa mahali nyimbo inatoka.

Hapo ufanye hatua ya pili. Rudisha bafle mahali pake. Kisha ubadilishane zile waya ndogo mbili, nyekundu na nyeupe, zenye zinaingia kwa ampli kutoka kwa deki ao telefone. Ikiwa ubaya unahamia upande mwingine, mugonjwa ni deki ao ile waya ndogo, na waya ndogo ni kitu cha bei kidogo. Ikiwa ubaya haukuhama, ni ampli.

Na ikiwa pande zote mbili ziko mubaya sawasawa? Hapo ndipo jirani anaingia. Umuombe akuazime chombo chake kimoja kwa jioni moja. Kimoja tu, si vyote. Funga bafle zake kwa ampli yako, nyimbo ileile, chumba kilekile, sauti ya urefu uleule. Kisha urudishe zako, uazime ampli yake. Ukibadilisha vitu viwili kwa mara moja, hautajua ni kipi kimesaidia.

Kwa kikundi cha wamama makumi mawili, hakuna neno rahisi kama hilo. Kati yetu kuko mwenye iko na bafle nzuri, mwenye iko na ampli ya zamani yenye nguvu, mwenye bwana yake ni fundi. Yule mwenye zamu ya likelemba inakaribia azunguke kwanza, asikilize, kisha anunue.

MAHALI NYIMBO INATOKA

Wengi wetu tunajazisha nyimbo kwa vijana wa kando ya barabara, mia moja ao mia mbili kwa flashi moja. Ili nyimbo mingi ziingie, zinakamuliwa. Kipimo chake kinaitwa kilobiti kwa segonde. Nyimbo ya 64 imekamuliwa sana: matoazi yanalia kama maji yenye yanapita kwa mawe. Ya 128 inavumilika. Ya 256 ao 320 iko muzuri kwa nyumba. Muulize kijana akuwekee nyimbo chache za 320 pahali pa nyingi za 64, na usikilize tofauti kwa muziki wako uleule.

Ikiwa unatumia telefone kwa waya, sauti ya telefone iwe juu, karibu na mwisho, na urefu uupime kwa ampli. Ukifanya kinyume, telefone chini na ampli juu, utasikia sana «shhhhh». Na kwa radio, kabla ya kulaumu chombo, nyoosha antene, uisogeze kwa dirisha, uiondoe karibu na shajari za telefone na taa za jua. Antene ya waya tu, metre moja na nusu, inaweza kuleta stesheni yenye ilikuwa inapotea.

WATI ZENYE ZINADANGANYA

Sasa ampli. Hapa ndipo wauzishaji wanatupata.

Kwa boksi wanaandika wati 5 000, na chombo chenyewe unakibeba kwa mukono moja. Tafuta herufi zenye ziko karibu na ile hesabu. Ikiwa ni PMPO, usiitegemee. Ni hesabu ya kupendeza macho, kila kiwanda kinaihesabu vile kinataka. Tafuta RMS. Hiyo ndiyo nguvu yenye chombo kinaweza kutoa bila kuchoka. Unaweza pia kugeuza chombo na kusoma nyuma, karibu na waya ya umeme: ikiwa imeandikwa kwamba kinakula wati 60, hakiwezi kutoa wati 5 000 za muziki wa kuendelea. Hakuna ngombe yenye inakunywa kikombe cha maji na kutoa ndoo ya maziwa.

Na hata wati za kweli hazifanye kile tunafikiri. Ukitoka kwa ampli ya wati 50 kwenda kwa ya wati 100, umeongeza desibeli 3 tu. Sikio linasema: «Ndiyo, imepanda kidogo.» Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, inaomba karibu desibeli 10, ni kusema nguvu mara kumi: ile ya 50 iwe ya 500. Nyumbani, wakati munasikiliza na kuongea, bafle zinakula wati chache tu.

Kuko hesabu ingine yenye haionekane kwa boksi lakini iko na faida zaidi: bafle inalia kwa nguvu gani ikipewa wati moja tu, ukiwa metre moja mbele yake. Moja inatoa desibeli 87, ingine 90. Ile ya 90 ikipewa wati 25 inalia sawa na ya 87 yenye kupewa wati 50. Kwa hiyo mama mwenye amechagua bafle nzuri amepata ampli kubwa zaidi bila kuinunua.

Basi ampli inabadilishwa wakati gani? Inabadilishwa ikiwa inakwaruza hata kwa sauti ya chini, ikiwa inanuka kuungua, ikiwa inajizima yenyewe, ao ikiwa upande moja umekufa na fundi anaomba bei karibu sawa na ya ingine. Ikiwa ni kitufe cha sauti tu chenye kinafanya «krrrk» ukikigeuza, hilo ni vumbi, fundi atalisafisha.

Na uangalie omu. Ampli yenye inaandikwa omu 8 haipendi ufunge bafle mbili za omu 8 kwa mudomo moja, kwa sababu zinakuwa mutwango wa omu 4. Itapata moto, na siku ya sikukuu itakufa mbele ya wageni. Tena, usiruhusu vijana wageuze kitufe mupaka mwisho. Ampli yenye inasukumwa kupita uwezo wake inakatakata sauti, na sauti ile yenye kukatika ndiyo inaunguza bafle ndogo ya juu, yenye inatoa sauti nyembamba.

MARA MINGI, NI BAFLE

Ikiwa majaribu yote yamepita na feza iko, mara mingi kipande chenye kinabadilisha sauti zaidi ni bafle. Kati ya ampli mbili zenye ziko nzima, tofauti ni ndogo. Kati ya bafle mbili, hata mutoto anaisikia.

Lakini mbele ya kununua, uliza fundi kama inatengenezeka. Bafle za zamani ziko na mukaba wa povu kando ya karatasi, na povu linaoza kisha miaka. Karatasi ikiwa nzima, fundi anaweza kubadilisha ule mukaba tu, na bafle yenye sanduku la mbao nzito itarudi kuimba. Usiitupe kwa kuibadilisha na sanduku la plastiki lenye taa za rangi.

Ikiwa unanunua za okazyo, zile zenye zinatoka Ulaya, fanya hivi. Ondoa kitambaa cha mbele. Angalia mukaba: wa kaucuku unadumu kuliko wa povu. Sukuma karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa; iingie na kurudi bila kukwaruza. Ikiwa inakwaruza, ndani mumeungua. Nusa: arufu ya kuungua haijifiche. Inua sanduku: mbao nzito ni alama muzuri. Kisha uombe wazifunge, na usikilize kwa sauti ya chini. Kwa sauti ya juu kila bafle inaonekana na nguvu. Kwa sauti ya chini ndipo unasikia kama maneno yako wazi. Beba flashi yako yenye nyimbo yako. Ya muuzishaji amechagua ile yenye inaficha ubaya.

Kuhusu waya, shaba ya milimita 1,5 inatosha kwa chumba cha kawaida. Kwaruza nchani kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, ni aliminyumu yenye kupakwa shaba, usilipe bei ya shaba. Na usikubali mutu akuambie kwamba waya ya bei kubwa italeta muujiza.

UMEME NDIO UNAUA

Kwa kwetu, vyombo vingi havife kwa uzee, vinakufa siku umeme unarudi. Umeme ukikatika, zima na uchomoe. Ukirudi, ngojea dakika kumi, kisha ufunge. Kijana mukubwa ao musichana mukubwa wa nyumba apewe kazi hiyo.

Ikiwa taa zenu zinapanda na kushuka, stabilizateri iko mbele ya bafle mupya kwa mupango wa kununua. Kuvika harusi nyumba yenye haina mulango si akili.

Wenye kutumia jua wapige hesabu. Muziki wenye unakula wati 30 kwa saa ine unakula wati-saa 120. Batri ya volti 12 na ampere-saa 50 iko na karibu 600, lakini batri za asidi hazipendi kushuka chini ya nusu, hesabu 300. Utoe taa na telefone, utaona yenye inabakia. Kwa nyumba kama hiyo, ampli ndogo yenye inakula volti 12 moja kwa moja inafaa kuliko ya volti 220 yenye inaomba konvertisere. Konvertisere yenyewe inakula, na zile za bei kidogo zinaleta mulio «zzzz» kwa bafle.

Na watoto wasifungue ampli hata ikiwa imechomolewa. Ndani muko vipande vyenye vinabakia na umeme kwa muda.

KUGAWANYA FEZA

Tuseme zamu imefika na, nyuma ya minervali na chakula, umeweka dola 60 pembeni juu ya muziki. Usizigawe mara tatu, kidogo kwa bafle, kidogo kwa ampli, kidogo kwa deki. Utapata vitu vitatu vyenye uzaifu. Weka sehemu ndogo kwa waya na usalama wa umeme ikiwa unakosa. Weka zingine zote kwa mugonjwa moja mwenye ulimupata kwa masikio. Kipande cha pili kitangojea zamu ingine. Na ikiwa kazi ya fundi imemaliza ugonjwa kwa bei kidogo, feza yenye inabakia haikatazwi kurudi kwa sanduku.

Kwa wamama wenye wanataka kununua vyombo vya kikundi, mupango ni mwingine. Kwa mikutano na kwa kilio, kitu cha kwanza ni maneno yasikike. Mikro nzuri na bafle zenye sauti wazi, zenye kuinuliwa juu ya vichwa vya watu, ziko mbele ya sabwufa.

Nyumbani, pengine kijana wako ataomba sabwufa, na baba watoto atasema ndiyo. Usikatae kwa maneno. Mupe kijana kazi ya kubadilishana waya, mutume aazime, umuulize amesikia nini. Mutoto mwenye amesikia tofauti kwa masikio yake hataomba tena wati za boksi.

MASIKIO YA WATOTO

Neno la mwisho linahusu afya. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaonyesha kipimo hiki kwa kusikiliza muziki kwa vyombo vyetu: mutu mukubwa, desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, mutoto, desibeli 75 kwa saa zilezile. Kila desibeli 3 zenye zinaongezeka zinakata saa kwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Ikiwa unapaswa kulalamika kwa nguvu ili mutu mwenye iko kwa urefu wa mukono akusikie, sauti imepita. Kwa harusi, usilalishe mutoto muchanga kando ya bafle juu amesinzia. Sikio lenye limekufa haliuzishwe sokoni.

Bafle zenye sauti wazi ziko na faida hapa pia. Mutu anapandisha sauti juu hasikie maneno; akiyasikia, anaacha kitufe chini.

Kazi ya juma hili kwa vikundi: kila mama aangalie rangi za waya nyuma ya bafle zake, na alete jibu kwa mukutano. Kisha muandike ni nani iko na chombo gani chenye anaweza kuazima wengine kwa jioni moja, na ni fundi gani wa mutaa mwenye anabadilisha mukaba wa bafle kwa bei ya haki. Karatasi hiyo ibakie kwa mukono wa sekretere.

Hadi juma lenye kuja, wamama. Tutaongea juu ya makala ya kupikia na namna ya kuyapunguza.